Neno "Malaya": Maana, Asili na Matumizi Yake Katika Historia ya Morogoro

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo walimu wa Kiswahili hukwepa kuyaeleza darasani, ingawa wanafunzi wao huyasikia kila siku njiani, sokoni na hata katika uwanja wa shule, ni neno malaya. Sababu ya kulikwepa inaeleweka. Mila zetu hutufundisha kuyasitiri mambo ya faragha kwa tafsida, na mtu mzima hapendi kulitamka neno zito mbele ya watoto. Hata hivyo, neno lisiloelezwa haliachi kutumika. Huendelea kutumika bila kupimwa, na kwa njia hiyo huweza kumwumiza asiyehusika na kumficha anayehusika.

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno hilo pamoja na jamaa zake, yaani kahaba, kuwadi, changudoa na mengineyo. Tutaeleza maana zake, tutatazama asili za yale ambayo asili zake zinajulikana, kisha tutayafuata katika historia ya Morogoro na Milima ya Uluguru. Mahali hapo panafaa kwa uchunguzi wa namna hii, maana hapo hukutana mambo matatu: milima ambayo wenyeji wake huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mji uliozaliwa kando ya njia ya misafara, na mashamba ya mkonge yaliyokusanya maelfu ya wanaume kutoka mbali. Dai letu ni moja. Lugha yetu imempa jina anayeuza, ikampa jina anayewakutanisha watu, ikaipa jina hata nyumba ya biashara. Lakini anayenunua imemwacha bila jina. Nayo historia inatuonyesha kwamba katika biashara hii mnunuzi ndiye aliyetangulia kufika.

Maana ya Neno

Katika maana yake ya msingi, malaya ni mtu anayefanya ngono na watu mbalimbali kwa malipo. Maana ya pili, ambayo katika mazungumzo ya kila siku imeenea kuliko ya kwanza, ni mtu asiyetulia na mwenzi mmoja, awe analipwa au halipwi. Kutokana na nomino hiyo tunapata umalaya, yaani kazi au tabia ya malaya. Neno hili si la jana. Limo katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotayarishwa chini ya Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939, na limeendelea kuwamo katika kamusi zilizofuata.

Tukilitazama kisarufi, tunaona jambo la kuvutia. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika upatanisho wa sarufi. Tunasema "mwalimu amekuja", "mgonjwa amelala", "malaya amepita", bila kuonyesha kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo, kwa sheria za lugha, mwanamume anaweza kuitwa malaya sawasawa na mwanamke. Lakini msikilizaji akiambiwa "malaya amepita hapa", akili yake humwona mwanamke. Anayetaka kumtaja mwanamume hulazimika kuongeza neno na kusema "mwanamume malaya". Hivyo basi, usawa uliotolewa na sarufi umenyang'anywa na matumizi. Tena uzito wa neno haulingani. Mwanamume akiitwa hivyo na wenzake, mara nyingi hucheka nao. Mwanamke akiitwa hivyo hadharani, huweza kupoteza mchumba, chumba alichopanga, au heshima ya wazazi wake.

Kuchanganyika kwa maana hizo mbili ndiko kunakoleta madhara makubwa. Neno lililokuwa jina la kazi limekuwa pia jina la tabia, na kisha likawa tusi la kumrushia mwanamke yeyote asiyependeza mbele ya msemaji: mjane aliyekataa kurithiwa, msichana aliyekataa kuposwa, mama anayerudi nyumbani usiku baada ya kuuza vitumbua. Hata siasa imeliazima. Mtu anayehama chama kimoja kwenda kingine kwa kutafuta cheo huitwa "malaya wa kisiasa". Katika matumizi hayo biashara ya ngono haipo tena. Limebaki wazo la kutokuwa mwaminifu.

Wanafunzi wa fasihi watakumbuka riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyochapishwa mwaka 1971, ambayo kwa muda ilizuiwa kusomwa shuleni. Rosa, binti aliyelelewa kwa ukali mno huko Ukerewe, anakwenda kusomea ualimu Morogoro, na humo chuoni anakuwa na uhusiano na mkuu wa chuo mwenyewe. Msomaji wa haraka humhukumu Rosa kwa neno moja, neno letu hili. Msomaji makini huwahesabu wanaume waliompitia, vyeo walivyokuwa navyo na dhamana waliyokabidhiwa, kisha hujiuliza: Je, hao nao wanaitwaje?

Asili ya Maneno Haya

Maneno kadhaa ya jamii hii yana asili inayojulikana vizuri, nayo yametoka katika Kiarabu. Kahaba limetokana na neno la Kiarabu qahba, ambalo mzizi wake unahusu kukohoa. Wanaleksikografia wa kale wa Kiarabu walieleza kwamba mwanamke wa kazi hiyo aliwaashiria wanaume kwa kikohozi. Kwa hiyo kahaba, kwa asili yake, ni "mwenye kukohoa". Neno lilipofika kwetu liliacha kikohozi njiani na kubaki na aibu peke yake. Kuwadi, au kuadi kama wengine waandikavyo, limetokana na qawwad, lenye mzizi wa maana ya kuongoza: kuwadi ni yule amwongozaye mtu hadi kwa mwingine. Nalo limepanuka likaingia katika siasa. Mwandishi Chachage S. Chachage aliita riwaya yake ya mwaka 2002 Makuadi wa Soko Huria. Zinaa ni Kiarabu vilevile, na kutokana nalo tumepata mzinzi, mzinifu na uzinzi. Maneno hayo ya zinaa ni maneno ya dini. Yanamhusu kila atendaye dhambi, mwanamume na mwanamke, wala hayazungumzii malipo.

Kwa upande wa malaya lenyewe, mwanafunzi aonywe asiridhike na mfanano wa sauti. Akiona kwamba nchi moja ya Asia iliitwa Malaya kabla ya kuwa Malaysia, asikimbilie kudai kwamba neno letu lilitoka huko. Kusikika sawa si ushahidi wa kuwa na asili moja. Kama ingekuwa hivyo, kaa la moto na kaa wa pwani wangekuwa ndugu. Ushahidi wa asili hutafutwa katika maandishi ya zamani, katika lahaja za pwani, na katika njia ambazo wasemaji wenyewe walisafiri.

Changudoa ni neno la karibuni, lililoenea mjini Dar es Salaam katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 na kusambaa nchi nzima. Hili halikukopwa ugenini. Changu ni samaki ajulikanaye na kila mpishi wa pwani, na changudoa ni changu mwenye doa jeusi ubavuni. Kumwita mwanamke jina hilo ni kumtukana mara mbili: kwanza amefanywa kitoweo kinachonunuliwa, pili ametiwa doa. Baadaye, katika karne hii ya 21, vijana wa mjini walibuni "dada poa", jina lenye sauti ya upole zaidi. Aidha lipo neno danguro, yaani nyumba ya biashara hiyo.

Lipo pia tendo ambalo walimu wa sarufi watalipenda kulichambua: kujiuza. Katika tendo kuuza kuna muuzaji na kitu kinachouzwa, kila kimoja mbali na mwenzake. Kiambishi -ji- huwaunganisha: anayeuza ndiye anayeuzwa. Ni kweli kwamba palipo na kuuza pana kununua, lakini umbo hili la tendo limejifunga lenyewe kwa lenyewe. Mtu aweza kusema "fulani anajiuza" akamaliza sentensi yake kikamilifu, na msikilizaji asione kwamba kuna mtu wa pili aliyeachwa nje ya sentensi.

Uluguru: Nchi ya Ukoo wa Mama

Sasa na tupande mlimani. Waluguru ni miongoni mwa makabila ya mashariki ya Tanzania ambayo huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kama walivyo jirani zao Wakaguru, Wakutu na Wazaramo. Mtoto huzaliwa katika ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo. Tawi la ukoo huitwa tombo, neno ambalo maana yake ni titi la mama. Jina la Matombo, upande wa mashariki wa milima, limetokana na neno hilohilo, kwa ajili ya majabali mawili yanayofanana na maziwa ya mwanamke.

Mpango huu una maana kubwa kwa mada yetu. Katika jamii ambayo mtoto hupata ukoo kwa baba, mtoto asiye na baba anayejulikana hukosa mahali pa kuhesabiwa, na mama yake hubeba lawama zote. Katika Uluguru mtoto huyo alikuwa na ukoo tangu alipozaliwa, kwa kuwa mama hana shaka. Hali kadhalika, mwanamke aliyeachika alikuwa na shamba la ukoo wake la kurudia. Hakulazimika kuchagua baina ya mume na njaa.

Hatusemi kwamba milimani kulikuwa na pepo. Waliosimamia ardhi ya ukoo kwa kawaida walikuwa wanaume, wajomba na ndugu wa mama. Wasichana waliovunja ungo waliwekwa ndani kwa muda mrefu kama wali, wakifundishwa na wazee wao, na mafundisho hayo yaliwataka wawe watiifu. Ardhi nayo ilizidi kuwa haba kadiri watu walivyoongezeka kwenye miteremko. Tunalosema ni hili: mwanamke mwenye ardhi na ukoo ana mahali pa kusimama, na mtu mwenye mahali pa kusimama si rahisi kununuliwa. Maneno kahaba na kuwadi yalifika bara pamoja na Kiswahili chenyewe, kwa njia ya biashara, dini, shule na reli. Na njia hiyo ilipita chini ya milima.

Njia ya Misafara, Reli na Mkonge

Mji wa Morogoro ulikua mahali ambapo misafara ya kutoka pwani ilipumzika kabla ya kuingia bara. Katika karne ya 19 Kisabengo, kiongozi wa asili ya Uzigua, alijenga hapo mji wenye ngome, na baada yake alitawala binti yake, aliyejulikana kwa jina la Simbamwene. Henry Morton Stanley aliuona mji huo mwaka 1871 na kuueleza. Yafaa wanafunzi wakumbuke kwamba mji huu, ambao baadaye wanawake wengi walitukanwa ndani yake kwa sababu tu ya kukaa peke yao, uliwahi kutawaliwa na mwanamke.

Misafara ilileta wapagazi, na wapagazi walihitaji chakula, maji, moto na mahali pa kulala. Wanawake pia walisafiri katika misafara hiyo, wengine wakiwa wake za wapagazi, wengine wakibeba mizigo wenyewe. Mwanamume asiye na makao aliitwa mhuni, neno ambalo zamani lilimtaja mtu asiyeoa na anayetangatanga, kabla halijawa jina la mkorofi. Hivyo tunaona kwamba mtu aliyejitenga na ukoo wake, mwanamume kwa mwanamke, alitazamwa kwa shaka. Tofauti ni kwamba mhuni aliweza kuoa na kuwa mzee wa kuheshimiwa, na jina lake la zamani likasahauliwa.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na ukoloni wa Wajerumani. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini, na kutokana nayo yakazaliwa mashamba ya Tanga, Morogoro na Kilosa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907. Mashamba kama Tungi, Pangawe na Kimamba yalihitaji mikono mingi, na wenyeji wenye mashamba yao hawakuwa na haja ya kukata mkonge kwa ujira mdogo. Ndipo wafanyakazi wakatafutwa mbali. Kodi iliyotakiwa kulipwa kwa fedha iliwasukuma wanaume kutoka nchi zisizo na zao la biashara, na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU.

Vibarua hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Neno hilo nalo lafaa kuchunguzwa kwa makini. Mtu aliyekuwa na jina, ukoo na kijiji aligeuzwa kuwa tarakimu kwenye kipande, akawekwa kambini pamoja na wanaume wenzake, mbali na mke na mama. Mwenye shamba alimlipa ujira uliokadiriwa kwa mtu mmoja, si kwa familia. Gharama ya kumlea alipokuwa mtoto, na ya kumtunza atakapozeeka, iliachiwa mkewe kijijini, naye hakulipwa chochote.

Kambi ya wanaume peke yao huzaa soko. Watu wanaokata mkonge tangu alfajiri huhitaji kupikiwa, kufuliwa, kupata pombe na mtu wa kuzungumza naye. Mambo yote ambayo nyumbani yalifanywa na mke bila malipo, kambini na mjini yakawa na bei. Wanawake waliokuja kuyauza walikuwa wa namna nyingi: mpishi wa pombe, mama muuza chakula, mwenye chumba, mwanamke aliyekaa na kibarua mmoja hadi mkataba wake uishe, na yule aliyepokea wengi kwa malipo. Midomo ya watu iliwatia wote katika kapu moja. Hapo ndipo tunapouona udhalimu wa msamiati: mfumo mmoja uliomwita mwanamume kwa namba ulimwacha mwanamke aitwe kwa aibu, na aliyewakutanisha hapo ili apate faida aliitwa Bwana.

Mfano wa Nairobi

Ili tuielewe kazi yenyewe ilivyokuwa, inafaa tuvuke mpaka kwa muda na kutazama Nairobi, ambako jambo hili limechunguzwa kwa kina na mwanahistoria Luise White. Katika kitabu chake cha mwaka 1990, kilichotokana na mazungumzo na wanawake wazee walioishi katika mitaa kama Pumwani, anaonyesha kwamba wakati wa ukoloni wanawake hao walikuwa na istilahi zao zenye mipaka iliyo wazi. Watembezi walikuwa wale waliotafuta wanaume barabarani. Wazi-wazi, ambao wengi wao walitoka Bukoba, walikaa mbele ya vyumba vyao na kutaja bei hadharani. Malaya, kwa maana ya wanawake hao, alikuwa yule aliyekaa ndani ya chumba chake akimngoja mwanamume aje, naye alimpa si kitanda tu, bali pia chai, chakula na maji ya kuoga.

Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, malaya lilikuwa neno la kazi yenye taratibu zake, lenye kiwango fulani cha staha machoni pa waliolitumia, kabla halijawa tusi la jumla. Pili, fedha ilikuwa na safari yake. Wanawake wengine walijenga nyumba na kuwa wenye nyumba mjini; wengine, hasa wa Bukoba, walipeleka fedha nyumbani kuokoa au kununua mashamba baada ya bei ya kahawa kuanguka katika miaka ya 1930. Ndugu waliokula fedha hiyo hawakukataa kula. Lakini katika miji mingi ya Afrika Mashariki jina la kabila la wanawake hao liligeuzwa kuwa tusi, kana kwamba umaskini ulioletwa na soko la dunia ulikuwa tabia ya damu yao. Hilo ni kosa ambalo mwalimu wa historia ana wajibu wa kulisahihisha.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulileta wazo la kujenga utu na utamaduni wa taifa. Katika juhudi hizo mwili na mavazi ya mwanamke vikawa uwanja wa mabishano. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Mjini Dar es Salaam wako wanawake walioshambuliwa na makundi ya watu kwa sababu ya mavazi yao. Mwaka 1983 ikaja sheria ya nguvu kazi, iliyokusudia kila mtu afanye kazi halali. Katika misako yake mijini, mwanamke asiyeweza kuonyesha kazi wala cheti cha ndoa aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji au kahaba. Nia ya kupiga vita uvivu na unyonyaji ilikuwa njema, lakini kipimo kilikuwa kibovu. Mwanamume aliulizwa: "Unafanya kazi gani?" Mwanamke aliulizwa pia: "Wewe ni wa nani?"

Sheria nyingine ilikwenda njia bora zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, ilikubali kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakatambulika kama mume na mke, wachukuliwe kuwa wameoana, isipokuwa pawe na ushahidi wa kinyume. Kwa hiyo mwanamke ambaye jana majirani walimwita hawara aliweza leo kusimama mahakamani akidai haki yake na ya watoto wake. Hapo tunaona sheria ikibadili jina la mtu, na kwa kubadili jina ikabadili maisha yake.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980 ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Morogoro, ambako barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa hadi Zambia, haikuweza kukwepa msiba huo. Lawama ziliwaangukia tena wanawake wa nyumba za wageni na vilabu vya pombe, kana kwamba ugonjwa ulizaliwa vyumbani mwao, ilhali uliingia vyumbani na kutoka kwa miguu ya wasafiri.

Mnunuzi Asiye na Jina

Sasa tuyahesabu maneno yetu. Anayeuza: malaya, kahaba, changudoa, dada poa. Anayekutanisha: kuwadi. Nyumba: danguro. Kazi: umalaya, ukahaba. Na anayenunua? Wenye biashara wenyewe humwita mteja, neno lile lile la heshima linalotumiwa benki na dukani. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Biashara hii nayo haifanywi na mtu mmoja, lakini lugha imekitaja kidole kimoja tu.

Msomaji aweza kujibu kwamba vijana wa mjini walimpa mwanamume mwenye fedha jina la buzi. Ni kweli, lakini litazame neno hilo vizuri. Buzi ni mbuzi mkubwa, na msemo kamili ni "kuchuna buzi". Hata alipopewa jina, mnunuzi alionyeshwa kuwa mnyama anayechunwa ngozi, yaani yeye ndiye aliyeonewa. Riwaya zetu zilikuwa na macho makali zaidi. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, Maksuudi, mtu mkubwa na mwenye kuheshimiwa, anamfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba kwa jina la maadili, ilhali yeye mwenyewe anafuata anasa nje. Maimuna anapoanguka, jamii ina jina la kumpa. 

Lakini lugha si jiwe. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampeni moja ya redio nchini Tanzania ilimbuni mhusika aliyeitwa Fataki, mtu mzima mwenye fedha anayewarubuni wasichana wadogo kwa zawadi, na ambaye kila mara watu wa karibu humzuia asifanikiwe. Fataki ni kile kitu kidogo chenye baruti kinacholipuka. Neno lilitoka redioni likaingia mitaani. Wanafunzi wakaanza kuitana wakionyana: "Huyo ni fataki." Mtu mzima mwenye kununua ujana wa mtoto alipata jina, na jina hilo likawa na aibu juu yake, si juu ya msichana.

Sheria nayo ilisogea. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa mwanamume anayempa mimba mwanafunzi, na Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurejea masomoni. Kabla ya hapo, binti wa kijiji cha Uluguru aliyepata mimba aliondoka shuleni akisindikizwa na neno moja, neno ambalo makala haya yameanza nalo. Aliyemharibia masomo aliendelea kuonekana mnadani na msibani kama kawaida.

Hitimisho

Tumeona kwamba malaya ni neno lenye maana mbili zinazochanganywa, moja ya kazi na moja ya tabia. Kwamba sarufi yake haibagui jinsia ilhali matumizi yake yanabagua. Na kwamba jamaa zake wamekusanywa kutoka Uarabuni, baharini na mitaani. Tumeona pia kwamba Morogoro biashara hii haikuletwa na upotovu wa mwanamke mmoja mmoja. Ilikua mahali wanaume walipokusanywa bila familia zao, kwa ujira usiotosha familia, huku wanawake wakitenganishwa na ardhi iliyokuwa ikiwasimamisha.

Mwalimu afanye nini? Hatumshauri alifute neno hili katika kamusi, kwa kuwa kufuta neno si kufuta jambo. Tunamshauri alifundishe kama anavyofundisha maneno mengine ya historia, kama vile manamba, mhuni na mtwana. Linapotamkwa uwanjani, awaulize wanafunzi maswali matatu: Linamtaja nani? Limemwacha nani? Na aliyeachwa alipata faida gani kwa kuachwa? Darasa litakaloweza kujibu maswali hayo litakuwa limejifunza sarufi, historia na utu kwa wakati mmoja. Na msichana aliyetupiwa neno hilo asubuhi atarudi nyumbani jioni akijua kwamba tusi hilo lina historia, wala halikuanza kwake.